Jibu la Dakika Moja

Siku ya tatu baada ya ajali, dereva wa gari la maziwa alizinduka, na jambo la kwanza aliloulizia ni nani anapeleka maziwa shuleni.

Nesi alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akapiga simu kituo cha polisi. Haikupita nusu saa, inspekta alikuwa ameketi kando ya kitanda, daftari gotini, akijitahidi kumtazama mgonjwa usoni na si kule chini, ambako shuka lilikuwa limelala tambarare mahali pa mguu wa kulia.

Inspekta huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, aliyezoea kuuliza swali moja mara tatu kwa namna tatu. Wenzake walimwita Chekeche, kwa kuwa hakuna neno lililopita kwake bila kuchujwa. Kesi aliyopewa safari hii, bosi wake aliiona imeshakwisha. Jumatano asubuhi treni ya abiria ililigonga gari la maziwa pale barabara inapokatiza reli, kilomita tatu kutoka stesheni. Geti lilikuwa wazi. Mlinda geti, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Bendera, alikamatwa papo hapo, na jioni yake akaandikisha maelezo ya mstari mmoja tu: "Nilipitiwa na usingizi." Kilichobaki, alisema bosi, ni kugonga muhuri.

"Nisimulie unavyokumbuka," inspekta alimwambia dereva. "Ukichoka, tunapumzika."

"Nilikuta geti limefungwa."

"Limefungwa?"

"Limefungwa kabisa. Mbele yangu kuna mikokoteni miwili na akina mama wa sokoni. Tukasubiri. Tukasubiri mpaka basi. Jua linayapiga maziwa yangu. Nikapiga honi, nikapiga tena. Mzee kasimama pale, katupa mgongo, hata kugeuka hageuki. Nikasema, leo huyu kaamka na lake."

"Kisha?"

"Mama mmoja akainama, akapita chini ya boriti ya geti, akamgusa bega. Hapo ndipo akageuka. Yule mama akamwonyesha foleni ilivyo. Mzee akatazama saa yake, akatazama reli, akatikisa kichwa kama mtu asiyeelewa kitu, akatufungulia. Mikokoteni ikapita. Nikafuata mimi."

Dereva alilamba midomo iliyokauka. Nesi akamnywesha maji kidogo kwa kijiko.

"Treni ilipiga honi?" inspekta aliuliza.

"Ilipiga. Unajua pale pana kona, treni huioni mpaka imekufikia, kwa hiyo lazima wapige. Niliisikia nikiwa juu ya reli, nikababaika, gari likazima. Na hapa ndipo akili yangu inapogoma, afande. Honi inalia, watu wote wanakimbia, na yule mzee ananitazama mimi, anatabasamu, ananipungia mkono. Pita, pita."

Kalamu ya inspekta ilisimama.

"Kwa hiyo hakuwa amelala."

"Alale vipi na macho tumegonganisha? Mimi na yule mzee hatujawahi kukosana. Mkewe kila asubuhi hunipungia kutoka jikoni." Dereva aligeuza uso ukutani. "Mwulize tu. Nilimkosea nini?"

*

Stesheni ilikuwa imejaa watu lakini haina treni. Tangu Jumatano njia ilikuwa imefungwa, mafundi wakinyoosha reli na kubadilisha mataruma ya chini yake, na mji ulikuwa umepoteza mwelekeo wake. Treni ya asubuhi ndiyo iliyokuwa saa ya watu wote. Ikiondoka, mwokaji alitoa mikate, watoto wakakimbilia shule, kinyozi akafungua mlango. Sasa watu walikuja kukaa tu kwenye jukwaa, kama wanaomsubiri mgonjwa nje ya wodi.

Kando ya ukuta walikaa wachuuzi wa mboga na vikapu vyao. Mkubwa wao, mama mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili, aliitwa Mama Kabichi.

"Afande, mhukumuni haraka basi tupate treni," alisema. "Kabichi zangu zinaoza kwa ajili ya mlevi mmoja."

"Ni mlevi?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe umewahi kumwona amelewa?"

Mama Kabichi aligeuzageuza kabichi moja kikapuni. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini si mwongo. "Kumwona, sijamwona. Ila ukimsalimia haitikii. Mtu wa kuacha salamu ya watu hewani, ana nini kama si pombe?"

Inspekta aliliandika hilo pia. Sajini aliyefuatana naye alikuwa na dhana yake: kwamba wezi wa vyuma chakavu wamekata waya wa kengele. Lakini fundi wa umeme alikwisha kuijaribu kengele ya getini jana yake, na alisema mlio wake ulimtoa kuku kichakani. Inspekta alishukuru, akaifuta dhana hiyo kwa mstari mmoja, akabisha mlango wa ofisi.

Stesheni masta alisimama kumpokea. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi ya kukata, viatu vinang'aa, lakini macho yalikuwa mekundu na kikombe cha chai mezani kilikuwa kimejaa na kupoa.

"Nieleze kengele inavyofanya kazi," inspekta alisema. "Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Kabla treni haijaondoka hapa, nabonyeza kitufe hiki. Kengele inalia getini. Mlinda geti anafunga geti, halafu naye anabonyeza cha kwake. Hapa inalia mara mbili. Hilo ndilo jibu. Jibu likifika, treni inaondoka. Lisipofika, haiondoki."

"Na yote yanaandikwa."

"Kila dakika." Alisogeza mbele daftari kubwa la jalada gumu. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza, tarakimu zimenyooka kama askari wa gwaride. Treni ya Jumatano ilichelewa kuingia. Kengele ilipigwa saa moja na dakika ishirini na sita. Jibu, saa moja na dakika ishirini na saba. Treni iliondoka dakika ya ishirini na nane, badala ya saa moja kamili kama kawaida.

"Ulipata jibu siku hiyo?"

"Limeandikwa humo, afande."

"Naliona. Nimeuliza kama ulilipata."

Nje mtu alikohoa. Stesheni masta alikinyoosha kikombe kwenye kisahani chake. "Limeandikwa humo," alirudia.

Inspekta hakumshika shati. Aliomba kiti, akakaa saa nzima akinakili dakika za wiki tatu, moja baada ya nyingine, mpaka sajini akaanza kusinzia kwa kusimama.

*

Mzee Bendera alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha mahabusu, blanketi limekunjwa vizuri kando yake. Alipomwona inspekta alisimama, akatoa kofia ambayo hakuwa nayo, mkono ukarudi mtupu.

Inspekta alikaa mbele yake. "Mzee, siku ile ulilala wapi? Kitini au kitandani?"

Mzee alimtazama mdomoni. "Kitini, binti yangu."

"Na geti uliliacha wazi tangu usiku?"

"Ndiyo. Niliacha wazi. Nilipitiwa na usingizi."

"Watu wanne waliokuwa kwenye foleni wanasema lilikuwa limefungwa."

Akainamisha kichwa. Viganja vyake vilikuwa vipana, vimekauka kwa mafuta na kamba za miaka mingi. "Mimi nimeua mtu," alisema, kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji. "Kilichobaki niandikieni, niende. Sina la kujitetea."

Inspekta alikunja uso. Sajini alikuwa amemhakikishia kwamba mzee ameshaambiwa dereva hakufa. Alimwambia yeye mwenyewe Alhamisi, akimpitishia chakula kwenye kidirisha cha mlangoni: mtu wako yuko hospitali, anapumua. Labda mzee hakuamini. Labda aliona wanamdanganya ili ale.

Aliinuka, akaenda mlangoni, akagonga afunguliwe. Bila kugeuka akasema, "Yule dereva amezinduka leo, mzee. Amezungumza nami mwenyewe."

Nyuma yake kukawa kimya.

Aligeuka. Mzee Bendera alikuwa ameshika pindo la blanketi, anachomoa uzi uliotoka, taratibu, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Mtu anayeambiwa kwamba aliyedhani amemuua bado yu hai, huruka. Au hulia, au huanguka. Hakai akachomoa uzi. Inspekta alirudi, akachuchumaa mbele yake mpaka nyuso zao zikawa sawa, akasubiri macho yale yafike mdomoni mwake.

"Yu hai," alisema polepole.

"Nani?"

"Wa maziwa. Amekatwa mguu. Lakini yu hai. Anaongea. Anaulizia maziwa ya watoto."

Mzee alimkamata mikono yote miwili. Alitaka kusema, kisha akalia bila haya, mabega yakimpanda na kushuka, na inspekta akaiacha mikono yake humo humo mpaka yalipotulia.

"Tangu lini husikii, baba?" aliuliza.

Mzee alilisoma swali lile mdomoni mwake, lote. Halafu akafumba macho. Kwa mtu kama yeye, kufumba macho ndiko kuziba masikio.

*

Mke wa mlinda geti alikuwa amerudi asubuhi ile ile, kwa miguu, akifuata reli siku nzima ya jana na tangu alfajiri ya leo, kwa kuwa hapakuwa na treni ya kumrudisha. Mkoba wake ulikuwa bado umefungwa kizingitini. Yeye alikuwa barabarani na ufagio, anakusanya vioo vya gari vilivyosagika kwenye kokoto.

"Acha hiyo, mama," inspekta alisema. "Uketi kidogo."

"Watoto wanapita hapa pekupeku."

Basi inspekta akachukua karai, akawa anakinga huku mama anafagia. Walipomaliza, wakaketi kizingitini.

"Mama, kengele ikilia, nani anaijibu?"

Ufagio ulimteleza mkononi. Hakuuokota.

"Mimi," alisema. "Mwaka wa pili huu. Masikio yake yaliondoka kidogo kidogo, kama chumvi kwenye maji. Kwanza akaacha kusikia ndege, halafu mimi, halafu kengele. Ikilia, natoka jikoni, namgusa, anafunga geti, mimi nabonyeza kitufe. Hata siku moja hatukukosea."

"Na ulipoondoka?"

"Binti yetu alikuwa anajifungua, uzazi wa kwanza, na hana mwingine. Ningefanyaje? Nilimwambia, baba, fuata saa. Saa moja kasoro tano, funga. Treni ikipita, fungua. Jumatatu mimi mwenyewe nilipita hapa nikiwa ndani ya behewa, nikamwona amesimama na bendera yake, geti limefungwa vizuri. Nikampungia." Aliifuta pua kwa pembe ya kanga. "Hakuna aliyefikiria kuchelewa. Kengele ndiyo inayojua kuchelewa. Saa haijui."

Inspekta aliona sasa asubuhi yote ile. Mzee anafunga kwa saa. Treni haiji. Nusu saa inapita, watu wanamnung'unikia naye hawasikii, mpaka mama mmoja anamgusa bega. Anatazama saa, anatazama reli iliyo tupu hadi konani, anajiambia kwamba leo treni haipo. Anawafungulia kwa huruma. Na kwa huruma hiyo hiyo anampungia wa mwisho apite.

"Stesheni masta alijua kwamba unasafiri?"

"Alijua? Alinibebea mkoba hadi ndani ya behewa."

Inspekta aliinuka, akamwomba sajini ashike saa. Akaenda kwenye mpini wa kuzungushia geti, akauzungusha mwenyewe mpaka boriti zote mbili zikalala na kufuli zikaingia. Mikono ilimuuma.

"Dakika mbili na nusu," sajini alisema.

Alifungua daftari lake. Kwa wiki zote zile, jibu la geti lilikuja baada ya dakika tatu, nne, mara moja tano: mwendo wa mama mtu mzima kutoka jikoni, na boriti nzito. Isipokuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Siku hizo tatu jibu lilikuja baada ya dakika moja. Moja, moja, moja.

*

Aliikuta ofisi kama alivyoiacha. Hakukaa.

"Mkewe alikuwa safarini," alisema. "Mzee hasikii. Nani alijibu kengele?"

Stesheni masta alilifunga daftari. Alipojibu, ilikuwa kama mtu anayetua mzigo wa kichwani: polepole, asije akauangusha.

"Hakuna."

"Uliandika wewe."

"Niliandika mimi. Siku zote tatu." Akavuta kiti, akakaa. "Tulianza pamoja, afande. Vijana wawili, tunapanga kokoto kwenye njia hii, tunalala hema moja. Mimi nikapelekwa shule ya kazi, yeye akapewa geti. Mkewe alipokuja kunieleza habari za masikio, ilibaki miaka miwili na nusu astaafu. Nyumba ile ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba inakwenda. Nikasema, mama, wewe ndiye masikio yake, mimi sijasikia kitu. Sasa ilikuwa imebaki miezi minane."

"Jumatano treni ilichelewa. Ulijua hana mtu wa kumwambia."

"Nilijua." Alinyoosha kidole kwenye kitufe. "Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Abiria wananipigia kelele dirishani, kuna watoto wa mtihani, kuna mama na mgonjwa wake. Nikajiambia, ana macho, ataiona."

"Sheria inasemaje geti lisipojibu?"

"Namwandikia dereva wa treni hati ya tahadhari. Asimame kabla ya geti, atazame mwenyewe, ndipo avuke."

"Kuiandika kunachukua muda gani?"

"Dakika moja."

Inspekta aliiandika dakika hiyo kando ya zile tatu.

"Nakala yake inakwenda makao makuu," stesheni masta alisema. "Wangeuliza kwa nini geti halijibu. Nikaogopa swali. Kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, sitakudanganya. Halafu nikasikia kishindo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Yeye amesemaje?"

"Amesema alilala."

"Alilala." Stesheni masta alirudia neno lile kana kwamba ni la lugha nyingine. "Yule hajawahi kulala zamu hata siku moja. Hata alipougua malaria alikaa na bendera mapajani. Amesema alilala ili nisiulizwe."

"Na wewe siku tatu umenyamaza."

"Siku tatu," alikubali.

Aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, kwa ule mwandiko wake mzuri ambao sasa uliyumba mwishoni mwa mistari. Inspekta alimweleza bila kumficha: kesi itakuwa yake, mzee atatoka leo kwa dhamana, lakini naye atajibu kwa kukaa kazini bila masikio, na geti hatalishika tena. Dereva wa maziwa ataelezwa ukweli wote, na kama hatasamehe, ana haki. Stesheni masta aliitikia kila jambo kwa kichwa. Akapiga simu kuomba mtu wa kumpokea zamu, akakabidhi funguo kwa fundi mkuu, akavaa kofia, akaivua, akaiacha mezani.

Kwenye jukwaa watu waliinuka walipomwona katikati ya polisi wawili. Inspekta alitaka wapite haraka, lakini yeye alisimama mbele ya wachuuzi wa mboga.

"Si Mzee Bendera," aliwaambia. "Yule mzee hasikii, ndiyo maana haitikii salamu zenu. Mimi nilijua, na mimi ndiye niliyeiachia treni. Msimwite tena mlevi."

Mtoto mmoja alilia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Mama Kabichi alikuwa amemtazama stesheni masta muda wote, mikono kiunoni, na uso wake ulikuwa mgumu kama ubao. Halafu akamgeukia inspekta.

"Mzee amefungiwa wapi?"

"Kituoni. Anatoka jioni."

"Siku tatu hizi nani anampelekea chakula?"

"Anakula cha mahabusu."

Mama Kabichi alijifunga kanga upya, akainua kikapu chake, akamwambia mwenzake amwangalizie vingine. Alipiga hatua mbili, akasimama, akamtazama tena stesheni masta kuanzia viatu hadi kichwa kisicho na kofia.

"Na huyu?" aliuliza. "Mke hana, tunamjua. Leo atakula nini?"

"Cha mahabusu, naye pia," inspekta alisema.

"Basi nitaleta sahani mbili," alisema Mama Kabichi, akashuka ngazi za jukwaa, akakata njia ya mkato kando ya reli kuelekea nyumbani kwake.